Zima "mwendo laini" kwanza: tathmini ya Spider-Man: Into the Spider-Verse

Anayetazama Spider-Man: Into the Spider-Verse nyumbani kwa mara ya kwanza hulalamikia mambo mawili: picha inakatakata, na rangi zimeachana kwenye kingo kana kwamba amesahau kuvaa miwani ya 3D. Mashabiki wamebishana juu ya hayo tangu filamu ilipotoka Desemba 2018. Yote mawili yamefanywa makusudi. Lipo la tatu lisilosemwa vya kutosha: televisheni ikiachwa na mipangilio iliyotoka nayo kiwandani huyavuruga makusudi hayo mpaka yanakuwa ubovu kweli. Kwa hiyo tuanze na rimoti; Miles Morales, kijana wa Brooklyn anayegeuka Spider-Man, tutamfikia.

Sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Katika filamu nyingi za katuni za kompyuta, mhusika hupewa mkao mpya kwenye kila fremu, na juu yake huwekwa ukungu wa mwendo, ule mfuto unaouona mkono ukipita kwa kasi. Hapa ukungu huo umeondolewa, na mara nyingi mhusika hubadilishwa mkao kila baada ya fremu mbili, yaani mikao 12 kwa sekunde. Kwa wachoraji huko ni kwenda kwa mbili; akibadilika kila fremu anakwenda kwa moja. Jicho lililozoea ulaini wa kompyuta huhisi kitu kimekwama. Lakini hebu simamisha filamu popote. Hutakuta mkono uliofifia wala uso uliopakaa; kila fremu ni kisanduku cha kitabu cha katuni, kimechorwa kikamalizwa. Pale mwendo unapokuwa mkali mno zimetumika mbinu za zamani za karatasi: mguu unachorwa mara kadhaa ndani ya fremu moja, ngumi inavutika kama mpira, mistari ya kasi inakatiza nyuma ya mwili.

Yote hayo yangebaki urembo kama yasingebeba hadithi. Nenda katikati ya filamu, msituni nje ya maabara ya Alchemax, pale Peter B. Parker, Spider-Man aliyetupwa hapa kutoka dunia nyingine, na Miles wanapokimbia na kompyuta ya wizi. Peter, mkongwe mwenye kitambi na ndoa iliyovunjika, anaruka mti hadi mti akienda kwa moja. Miles, aliyeng'atwa na buibui juzijuzi, yumo katika fremu zilezile lakini anakwenda kwa mbili. Wanarusha utando kwa mdundo mmoja, na bado Miles anaonekana kuchelewa nusu pumzi, mwili wake unafika kwa mikupuo. Baadaye, anaporuka peke yake kutoka juu ya ghorofa, anatiririka kwa moja. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kijana ameiva. Umeona mwenyewe.

Anayetaka ushahidi asitegemee neno la mtu. Fungua filamu kwa VLC, programu ya kuchezesha video, kwenye kompyuta, nenda msituni, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, inasogea fremu moja. Mtazame Peter: kila mbonyezo anabadilika. Mtazame Miles: mbonyezo mmoja kimya, wa pili anasogea. Kaza macho kwenye mwili, achana na miti, kwa sababu kamera huendelea kusogea kwa moja hata mhusika akiwa kwa mbili. Hesabu ikikataa, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama umeangukia shoti nyingine, maana kanuni hii haikuwekwa kama sheria ya barabarani. Wachoraji huchanganya moja na mbili ndani ya shoti moja inapobidi. Ama nakala uliyonayo imegeuzwa kutoka fremu 24 kwenda 30 au 60, na hapo fremu zimerudiwa bila mpangilio, hutapata kitu cha kuhesabu.

Sasa televisheni. Takribani kila televisheni ya kisasa ina kipengele cha kulainisha mwendo, na mara nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimewashwa. LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow, Samsung wamekitumia kwa jina la Auto Motion Plus. Kazi yake ni kutazama fremu mbili zinazofuatana, kukisia kilichopaswa kuwa katikati, kisha kubuni fremu za kujaza pengo. Kwenye mpira wa miguu kinasaidia. Kwenye filamu hii kinakutana na kitu ambacho hakikutengenezewa: mwili wa Miles haujabadilika kati ya fremu mbili, huku mandhari nyuma yake yamesogea. Kinachofuata ni fujo. Miles anateleza, anakwama, anateleza tena. Uzi wa utando unakatika au unaota kivuli. Kingo za mikono zinavujia kwenye majengo. Na tofauti ya Peter na Miles kule msituni, ambayo ndiyo roho ya tukio lile, inapakwa mafuta mpaka inapotea. Wengi wanaosema "picha inakatakata" wanakiona kikwamo hiki cha mashine, wala si kazi ya wachoraji.

Mpangilio wa kufanya mambo una maana yake. Anza na hali ya picha: chagua ile ya sinema, au Filmmaker Mode kama televisheni yako inayo. Ukianza kwa kuzima vipengele halafu ndipo ubadili hali ya picha, umepoteza muda, kwa sababu kila hali hutunza mipangilio yake. Kisha zima kulainisha mwendo kabisa. Usikubali "kiwango cha chini", kwani hata hicho hubuni fremu. Halafu zima kipunguza chembe (noise reduction). Kipengele hicho kimefundishwa kwamba nukta ndogo ndogo kwenye picha ni uchafu, na filamu hii imejengwa kwa nukta ndogo ndogo. Ukali wa picha ushushe mpaka ule mstari mweupe unaozunguka maandishi upotee. Kwenye baadhi ya televisheni hapo ni sifuri, kwenye nyingine ni katikati ya kipimo, kwa hiyo fuata jicho, namba zinadanganya. Mwisho acha mistari myeusi ya juu na chini ikae. Filamu ina umbo pana la 2.39 kwa 1, na ukiivuta ijaze kioo utakata pembeni, na pembeni ndiko vinakokaa visanduku vya maneno na vipande vya ukurasa uliogawanywa.

Kosa linalorudi tena na tena: mtu anarekebisha kila kitu akiwa kwenye menyu ya televisheni, anaanza filamu, na picha ni ileile. Televisheni nyingi hutunza mipangilio tofauti kwa kila tundu la HDMI, na tofauti tena kwa picha ya HDR, ile yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na rangi. Anzisha filamu kwanza, isimamishe, ndipo uingie kwenye mipangilio.

Zile rangi zilizoachana nazo zina historia. Vitabu vya katuni vya zamani vilichapwa kwa wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kila wino kwa bamba lake. Bamba likisogea kidogo tu, wekundu wa fulana unatoka nje ya mstari wake. Filamu imelichukua kosa hilo la kiwanda cha uchapaji na kulipa kazi ya lenzi. Katika filamu nyingine, kitu kisichopaswa kutazamwa hutiwa ukungu. Hapa rangi zake huachana. Kwa hiyo ukiona taa za barabarani zimegawanyika bluu na nyekundu, hapo si pa kutazama. Tazama palipo na mistari iliyolala sawasawa, kwa kawaida uso wa mtu anayesema. Ukishalijua hilo, kichwa hakiumi tena, na lile swali la miwani ya 3D linaisha. Usichanganye tu hali hii na ile ya wageni waliotoka dunia nyingine, wanaporarukararuka mwili mzima kwa rangi kali na kujikunja kwa maumivu. Hiyo ni hadithi yenyewe: seli zao zinakufa kwa kuwa hawapo kwao. Miles yuko kwao, halimpati.

Nukta nazo ndizo kivuli na mwanga. Badala ya kupaka rangi inayofifia taratibu kwenye shavu, wametumia nukta za uchapaji upande wa mwanga na mistari ya kukatiza upande wa kivuli. Juu ya nyuso kuna mistari ya wino, kwenye kona ya jicho, juu ya nyusi, pembeni ya mdomo, ambayo wasanii waliichora na programu ya kompyuta ikajifunza kukisia ikae wapi uso unapogeuka. Ndiyo sababu kazi ilikwenda polepole. Sony Pictures Imageworks ilihitaji wahuishaji wapatao 140, na kuipata sekunde 10 tu za mwonekano walioutaka kulichukua karibu mwaka mzima.

Kwa mtazamaji, hilo lina matokeo ya kawaida kabisa: filamu hii haivumilii picha iliyobanwa. Nukta nyingi zinazobadilika kila mara ni mzigo mbaya kuliko yote kwa mfumo wa kubana video. Intaneti ikilegea, nukta ndizo zinazotolewa kafara kwanza, zinageuka viraka vya mraba, na anga la Brooklyn linakuwa kama sakafu ya vigae. Kwenye picha ya 720p nukta zinagongana na doti za kioo na kutengeneza mawimbi ambayo hayamo kwenye filamu. Diski ya Blu-ray, yenye uwezo wa hadi megabiti 40 za picha kwa sekunde, inalibeba hilo bila kutoa jasho. Ya 4K zaidi. Kama ni mtandao tu, pakua kwanza kwa ubora wa juu kabisa unaoruhusiwa kuliko kutazama moja kwa moja kwenye laini inayopanda na kushuka. Kwenye simu utaipata hadithi, nukta utazikosa. Na mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga aambiwe mapema: matukio ya mtambo wa chini ya ardhi unaofungua njia ya dunia nyingine, lile la mwanzoni na lile la mwisho, yana mimuliko mikali mfululizo.

Wakurugenzi ni watatu, Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman. Mswada ni wa Phil Lord na Rothman. Filamu ina dakika 117. Mwaka 2019 ilitwaa Oscar ya filamu bora ya katuni, na Ramsey akawa mwongozaji wa kwanza mweusi kuichukua tuzo hiyo. Tuwaachie wapenda tuzo. Mabishano matamu yako kwenye vitabu.

Miles alizaliwa katika Ultimate Fallout namba 4, mwaka 2011, kwa kalamu ya Brian Michael Bendis na michoro ya Sara Pichelli. Kuna mashabiki wa vitabu wanaosema filamu imemlainisha. Wana hoja, lakini nadhani wameikamata pabaya. Tuchukue lile kovu la hadithi, kifo cha Aaron, baba mdogo wa Miles, ambaye kwa siri ni mhalifu aitwaye Prowler. Kitabuni Aaron anagundua siri ya mwana wa ndugu yake na kumtumia. Anambana amsaidie kumpiga mpinzani wake wa uhalifu, kisha wawili hao wanapigana, silaha za mkononi za Aaron zinamlipukia, na kabla ya kukata roho anamwambia Miles kwamba wao wawili ni sawasawa. Ni sentensi ya sumu. Kijana anabaki nayo matoleo mengi.

Filamu imeligeuza tukio hilo juu chini. Aaron anamfukuza yule buibui mdogo juu ya paa bila kumjua, anamshika shingo, Miles anavua kinyago. Hapo Aaron anakivua cha kwake, na anakataa kuua. Kingpin, bosi wake wa uhalifu, anampiga risasi kwa kukataa huko. Maneno yake ya mwisho ni kumwambia Miles kwamba yeye ndiye bora kuliko wote katika ukoo, aendelee tu. Ulegevu hauko hapo. Ni uzito mwingine: Miles wa kitabuni anakimbia asifanane na baba yake mdogo, Miles wa filamu anatakiwa astahili sifa aliyopewa na mtu aliyekuwa na damu mikononi. Lawama ninayoikubali ni ya muda. Jefferson, baba yake Miles ambaye hapa ni polisi, anafika, anaukuta mwili wa ndugu yake, na filamu inamnyanyua mapema mno. Ungetaka dakika moja zaidi pale.

Rio, mama mtu, ndiye aliyepunjwa kweli. Kwenye vitabu anauawa mwaka 2013 katika toleo namba 22 la mfululizo wa Miles, na kifo chake kinamfanya kijana alitupe vazi. Hapa anaishi, jambo jema, lakini anaishi pembeni ya fremu. Ganke naye, ambaye kitabuni ndiye rafiki, mshauri na mcheshi wa Miles, amegeuzwa mwenzake wa chumbani asiyesema kitu. Nafasi yake imechukuliwa na Peter B., na kwa hadithi ya dakika 117 uamuzi huo ni sahihi, ingawa anayempenda Ganke hawezi kukubali.

Tukio kubwa la vitabu vya Spider-Verse la 2014 hadi 2015, alilolisimamia mwandishi Dan Slott, halifanani sana na filamu zaidi ya jina na wingi wa mashujaa-buibui kutoka dunia mbalimbali. Kule kuna ukoo wa wala buibui, Morlun na ndugu zake, wanaowawinda dunia hadi dunia, na Miles ni mmoja tu kwenye umati. Filamu imewatupa wawindaji wote na kumweka Kingpin na mtambo wake. Nasema wamefanya vema. Kingpin anataka kumrudisha mke wake Vanessa na mwanawe Richard kutoka dunia nyingine, baada ya mke na mwana wa dunia yake kufa katika ajali ya gari wakimkimbia yeye mwenyewe walipomwona akimpiga Spider-Man. Ni adui ambaye huzuni yake inaeleweka hata ukimchukia. Na mchoro wake! Pande la suti nyeusi linalojaza fremu, kichwa kidogo kimebandikwa katikati ya kifua. Asili yake ni Kingpin wa mchoraji Bill Sienkiewicz katika kitabu cha Daredevil: Love and War ya 1986, na hakuna filamu ya waigizaji halisi ingeweza kumpata mtu wa umbo hilo.

Udhaifu upo nyuma yake. Wapambe wake, Tombstone na Scorpion, ni miili ya kupigwa tu. Wale buibui watatu wa mwisho wanaingia kwa kishindo kisha hawapewi kazi: Noir wa nyeusi na nyeupe, Peni Parker wa mtindo wa katuni za Kijapani, na Spider-Ham, nguruwe mwenye nyundo. Noir amepona kwa kichekesho kimoja, ule mchemraba wa rangi anaoukodolea macho bila kuzijua rangi zake. Peni amepata kilio kimoja cha roboti yake. Gwen Stacy, buibui wa kike kutoka dunia nyingine, anaonewa zaidi, maana ana historia nzima mgongoni na filamu inamtumia kama kiungo. Olivia Octavius ndiye mshangao mzuri, daktari wa mikono ya mpira aliyetungwa kwa ajili ya filamu hii, na ungependa apate nusu saa ya peke yake. Pambano la mwisho ndani ya mtambo limejaa. Majengo yanaelea, nukta nyeusi za nishati zile za mtindo wa Jack Kirby, mchoraji wa zamani wa Marvel, zinabubujika, rangi zinapigana, na kwa dakika kadhaa hujui nani yuko wapi. Mashabiki wengi hulitaja kama kilele. Macho yangu huchoka hapo kila mara, hata kwenye kioo kizuri.

Kilele cha kweli kimeshapita, nacho ni ule mruko. Miles amepanda ghorofa akiwa na vazi alilolipulizia rangi mwenyewe, jeusi lenye mistari myekundu, koti juu yake, kaptura, na viatu vyake vya Jordan. Anajiachia. Tazama vidole: vimenata kwenye kioo kwa woga, kwa hiyo anapojirusha vipande vya kioo vinang'oka navyo. Kisha kamera imepinduliwa. Anaanguka kuelekea mtaani, lakini kwenye fremu jiji liko juu, na anayeanguka anaonekana anapanda. Shoti hiyo moja imebeba filamu nzima, na inadumu sekunde chache tu. Ukiwa na kioo kinacholainisha mwendo, vipande vile vya kioo ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Dokezo la kijana huyu limewekwa mapema, darasani, na wengi hulipita. Miles amepata sifuri katika mtihani wa maswali ya kweli au si kweli. Mwalimu hakasiriki, anamweleza kwamba hata mtu aliyefungwa kitambaa machoni akajibu kwa kubahatisha angepata nusu. Ili upate sifuri kamili, lazima uwe unayajua majibu yote. Anampa mia. Mtoto anafeli kwa bidii kwa sababu anataka kurudishwa mtaani kwao, na hadithi yote inayofuata ni ya mtu mwenye uwezo anayekwepa kupimwa. Baada ya kung'atwa, ukurasa unaanza kumvamia: mawazo yake yanatokea kwenye kioo yameandikwa, visanduku vya njano vinachipuka. Kabla ya buibui havikuwapo. Rudi uhakikishe.

Sauti inadai vifaa, ingawa si vya kifahari. Mtunzi Daniel Pemberton alirekodi muziki wa okestra, kisha ukawekwa kwenye santuri na kukwaruzwa na DJ, halafu ukachanganywa tena ndani ya muziki. Kwa spika za televisheni utasikia makelele ya kisasa. Kwa hedifoni za kawaida tu utasikia violini zinavutwa nyuma na mkono wa mtu. Prowler ana mlio wake, kitu kama tembo anayelia ndani ya bomba la chuma, na huja kabla hajaonekana. Prowler anapomfukuza Miles chini ya barabara, punguza taa za chumbani na usishushe sauti. Chagua sauti za Kiingereza ukiweza, kwa manukuu: Shameik Moore kama Miles, Jake Johnson kama Peter B. mwenye uvivu wa kuchekesha, Hailee Steinfeld kama Gwen, Mahershala Ali kama Aaron. Ila manukuu yana kero moja. Kwa kuwa filamu inaandika kwenye picha, mara nyingine manukuu hukaa juu ya maandishi ya filamu. Yasogeze kwenye mstari mweusi wa chini kama kichezeshi chako kinaruhusu.

Kwenye diski na nakala za kununua kuna toleo jingine, Alternate Universe, lenye urefu wa zaidi ya saa 2 na dakika 20. Usianze na hilo. Matukio yaliyoongezwa ni michoro ya awali isiyokamilika, penseli zinazotikisika, na yanakata mdundo kila yanapoingia. Kwa anayejifunza uhuishaji ni hazina, maana unaona tukio lilivyowazwa kabla ya kupakwa rangi. Kwa mtazamaji wa kawaida ni usiku mrefu.

Ukitaka kusoma baada ya kutazama, soma Ultimate Fallout namba 4 kwanza, halafu Ultimate Comics: Spider-Man iliyoanza 2011, matoleo 1 hadi 28, kifo cha Aaron kimo namba 12. Gwen wa filamu anaanzia Edge of Spider-Verse namba 2, Peni namba 5 ya mfululizo huohuo. Ile Spider-Verse yenyewe iko katika The Amazing Spider-Man ya 2014, namba 9 hadi 14, lakini usitarajie Miles wa filamu humo. Utamtafuta kwenye umati.

Mwanzoni kabisa usipeleke mbele. Muhuri wa Comics Code Authority unatokea kabla ya filamu kuanza, ule uliokuwa ukigongwa kwenye majalada kuthibitisha kwamba kitabu hakitaharibu watoto. Marvel waliuacha 2001. Hapa umerudishwa kwa utani. Stan Lee, aliyefariki Novemba 12, 2018, mwezi mmoja kabla ya filamu kutoka, yuko kwenye duka la mavazi. Miles anauliza kama anaweza kulirudisha vazi lisipomkaa. Mzee anamjibu kwa upole kwamba mwisho wa yote huwa linakaa, na kamera inasogea kidogo kwenye kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Na majina yakianza kupanda, kaa. Baada ya majina yote anatokea Miguel O'Hara, buibui wa siku zijazo, na anarukia dunia ya katuni ya Spider-Man ya 1967, ile ya bajeti ndogo ambayo mwili husimama kama sanamu na mdomo tu ndio unaosogea. Hata Miguel akifika huko anachorwa vilevile, bapa na mgumu. Wanasimama wakinyosheana vidole, na ugomvi ni nani aliyeanza kunyoosha.